Virusi vya kwenye flashi ya shangazi, na hadi diski iliyokuwa inakata roho

Jumamosi moja ya mwezi wa nane shangazi alinipigia simu saa moja asubuhi. Nilipomwamkia aliitikia marahaba haraka haraka, akaunganisha: "Mwanangu, kompyuta imeingiwa na virusi. Mitihani yangu yote imegeuka vimshale, na Jumatano watoto wanaanza kufanya."

Shangazi ni mwalimu wa jiografia wa sekondari, anaishi Morogoro. Kompyuta yake ni ya mezani, mtumba wa Kariakoo, amekaa nayo miaka sita: Windows 10, RAM ya gigabaiti 4, hadi diski ya gigabaiti 500 ya ile aina ya zamani yenye sahani inayozunguka. Humo ndani kuna mitihani, maazimio ya kazi na maandalio ya masomo ya miaka yote hiyo. Kuna pia picha za marehemu mumewe, na nyingi kati ya hizo hazina nakala popote pengine.

Malalamiko yake yalikuwa matatu. Flashi ikichomekwa, folda zote zinaonekana na kamshale kadogo kwenye kona ya alama. Kompyuta imekuwa nzito kupita kiasi. Anaiwasha, anakwenda kuinjika chai, anarudi na chai imeiva bado inazunguka. Na kwenye kona ya chini ya kioo panatokea matangazo mekundu yanayosema kompyuta ina virusi vitano, bonyeza hapa uvisafishe. Kijana wa steshenari anakochapia mitihani alishampa dawa moja ya yote: flashi ifomatiwe, kompyuta ipigwe Windows upya, shilingi elfu ishirini. Shangazi alishakubali kuipeleka Jumatatu.

Nikamwomba mambo matatu kabla sijapanda basi: aizime kompyuta, asichomeke flashi nyingine yoyote, na ile flashi asimpe mtu na asiifomati hata akishawishiwa vipi.

Naandika kisa hiki kwa sababu neno "virusi" kwenye simu ile lilikuwa limebeba magonjwa matatu yasiyohusiana, na dawa ya ugonjwa mmoja ingeua kile ambacho mwingine ulikuwa bado umekiacha hai. Mimi mwenyewe nusura niangukie humo.

Matangazo mekundu ndiyo yaliyoisha upesi. Hayakuwa virusi hata kidogo. Siku fulani mtu alibonyeza kitufe cha kuruhusu kwenye tovuti ya kupakua filamu, na tangu hapo kivinjari kikawa na ruhusa ya kurusha arifa za tovuti hiyo kwenye kioo hata pasipo kuifungua. Nikaingia kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya arifa, nikaifuta tovuti hiyo kwenye orodha ya walioruhusiwa. Dakika mbili. Jambo la hatari hapo ni kubonyeza hayo matangazo na kusakinisha "kisafishaji" wanachokiuza; kwa bahati binamu yangu wa kidato cha pili alikuwa amemkataza mama yake asiyaguse.

Flashi ndiyo iliyonikalisha kwenye kiti.

Sikuichomeka kwanza. Nilichomeka flashi yangu tupu niliyokuja nayo kwa kazi hiyo, nikaunda folda moja nikaiita JARIBIO, nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Sijafika saba, folda ikapotea na mahali pake pakakaa shotikati, yaani kile kimshale, faili ndogo inayoelekeza tu kwingine, yenye jina lile lile. Nikaifuta shotikati. Baada ya sekunde chache ikarudi. Maana yake ugonjwa haukuwa umelala kwenye flashi. Kulikuwa na kitu hai ndani ya kompyuta kinachozunguka kila baada ya sekunde kadhaa kutafuta flashi na kujinakili humo. Ukisafisha flashi elfu moja huku hicho kinatembea, umefanya kazi ya bure.

Kisha nikachomeka ya shangazi. Yote aliyoyaona kwenye kioo, folda kumi na mbili zenye vimshale, ukijumlisha hayakufika kilobaiti thelathini. Lakini nilipobonyeza kitufe cha kulia juu ya flashi yenyewe na kufungua Properties, duara likaonyesha gigabaiti 5.2 zimetumika. Nikamwita shangazi aje aangalie hapo. Gigabaiti tano haziwezi kutoka kwenye vimshale kumi na viwili. Mitihani ipo pale pale ilipokuwa, imefunikwa tu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akavua miwani, akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo sana. Hapo nilijua alivyokuwa amelala usiku ule.

Nikafungua Properties ya shotikati moja iliyoitwa MITIHANI 2022. Kwenye sehemu ya Target, badala ya njia ya folda, kulikuwa na mstari unaoanza na cmd.exe, ukifuatiwa na amri ya kufungua faili yenye jina la herufi za ovyo na mwisho wa .vbs, halafu amri ya kufungua folda halisi ya MITIHANI 2022. Ujanja wote uko kwenye mstari huo. Mwalimu anabonyeza, mnyoo unaamka, na papo hapo folda yake inafunguka kama kawaida. Haoni kasoro yoyote. Anamaliza kazi yake, anachomoa flashi, anaipeleka kompyuta ya pili.

Kwa lugha ya kitaalamu huu si virusi, ni mnyoo, kwa sababu haujipachiki ndani ya faili nyingine bali unajinakili wenyewe kutoka mashine hadi mashine. Baadaye Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, iliutaja kwa jina la Worm:VBS/Jenxcus. Familia hiyo ni ya zamani. Mwaka 2014 Microsoft ilikwenda mahakamani Marekani kuomba kukata anwani za intaneti ambazo Jenxcus na mwenzake Bladabindi walikuwa wakizitumia kuwasiliana na mabwana zao. Na hata hii mbinu ya shotikati ina sababu yake. Zamani minyoo ya flashi ilitegemea Windows kuendesha programu yenyewe flashi inapochomekwa. Windows 7 ilikuja na mlango huo umefungwa, na Februari 2011 Microsoft ikaufunga hata kwa XP na Vista, Windows za zamani zaidi, kupitia sasisho. Waandishi wa minyoo wakabaki na njia moja, mtu mwenyewe abonyeze. Na mtu atabonyeza nini kwa uhakika zaidi ya folda yake mwenyewe?

Kuuondoa kunataka mpangilio. Kwanza unaua kilicho hai: Task Manager, dirisha linaloonyesha programu zinazotembea, kichupo cha Details, unatafuta wscript.exe, ile programu ya Windows inayosoma faili za .vbs, unaifunga. Pili unaziba njia yake ya kuamka: nilikuta nakala moja kwenye folda ya Startup, nyingine kwenye folda ya Temp, na mstari kwenye rejista, daftari la mipangilio ya Windows, chini ya Run unaoielekeza ile ya Temp. Nikafuta zote tatu. Ndipo unageukia flashi. Wengi wanajua kuweka alama ya kuonyesha faili zilizofichwa, wanaona hakuna kilichobadilika, wanakata tamaa. Mnyoo huu unazipa folda sifa mbili, ya kufichwa na ya mfumo, na Windows ina kitufe cha pili kinachozificha faili za mfumo hata ukiwasha kile cha kwanza. Kwa hiyo nilifungua cmd, dirisha la kuandikia amri, na kwa kuwa flashi ilikuwa F, nikaandika:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Ilichukua kama nusu dakika. Folda kumi na mbili zikarudi, zikakaa kando ya vimshale vyake. Nikavifuta vimshale na ile faili ya .vbs, nikaichomoa flashi na kuirudisha, nikahesabu hadi sitini. Hakuna kilichorudi.

Hapo ndipo nilipokosea. Nikaona nimeshinda. Nikaipakia Defender masasisho mapya, faili ya megabaiti mia na zaidi niliyokuwa nimeipakua kwangu kwa sababu kompyuta ya shangazi hupata intaneti kwa hotspoti ya simu tu na ilikuwa na miezi saba haijasasishwa. Nikaanzisha ukaguzi kamili, tukaenda kula. Tuliporudi baada ya saa mbili ilikuwa imepita faili elfu kumi na nne tu. Na katikati ya kelele za feni nikasikia sauti nyingine, *tk, tk*, kimya, *tk, tk*, kama kucha inayogonga meza.

Nikasimamisha ukaguzi nikafungua Task Manager upya. CPU ilikuwa kwenye asilimia 6. Diski asilimia 100. Lakini kasi ya kusoma haikufika hata megabaiti moja kwa sekunde. Hapo pana siri ambayo ningependa kila anayetengeneza kompyuta za watu aizoee macho. Diski yenye kazi nyingi huonyesha asilimia 100 na kasi kubwa. Diski inayoonyesha asilimia 100 na haitoi kitu ni kama karani anayerudia kusoma mstari uliofutika: ameinama, anahangaika kweli, ila hakuna neno linalotoka.

Nilifungua Event Viewer, daftari ambamo Windows huandika matukio yake, kumbukumbu za System, nikachuja zile zinazotoka kwa "disk". Tukio namba 7, ambalo maana yake ni kwamba diski imekutana na sehemu mbovu, lilikuwa limejirudia mamia ya mara. La kwanza lilikuwa la mwezi wa tatu. Ile faili ya mnyoo kwenye Startup ilikuwa imeundwa wiki tatu kabla ya siku ile. Nikamuuliza shangazi uzito ulianza lini. Akafikiri, akasema, "Pasaka ilikuwa tayari. Nakumbuka nilishindwa kusahihisha matokeo."

Kwa hiyo mnyoo haukuwa na hatia ya uzito. Hadi diski ilianza kufa miezi kadhaa kabla haujafika. Nilipakia CrystalDiskInfo, programu inayopima afya ya diski, kuthibitisha, ikatoa rangi ya njano: idadi ya sehemu mbovu zilizohamishwa na ya zile zinazosubiri kuhamishwa zote zilikuwa zimepanda. Kabla ya hapo nilikuwa nimeijaribu ile amri fupi ya wmic inayouliza hali ya diski, ikanijibu OK. Usiiamini OK hiyo peke yake.

Na mimi nilikuwa nimeiamuru diski hiyo isome kila faili iliyomo, kwa saa mbili. Ukaguzi kamili ni kazi nzuri kwa diski yenye afya na ni mzigo mkubwa kwa diski mgonjwa. Ningeanza kwa kutazama Event Viewer, kazi ya dakika tatu, nisingeigusa kwa namna ile. Sasa ninapoitwa kwa "virusi", hilo ndilo la kwanza nalifanya, kabla hata ya kufungua antivirusi. Fikiria pia kama shangazi angeipeleka kompyuta Jumatatu. Windows mpya ingeandikwa juu ya diski hiyo hiyo, picha za mumewe zingefutwa ili kupisha mfumo ambao ungedumu wiki chache.

Nikaizima. Kuanzia hapo Windows haikuwashwa tena kwenye diski ile.

Jioni niliazima hadi diski ya nje ya terabaiti moja kwa jirani, nikaiwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux Mint, mfumo mwingine usio Windows. Hii ina faida mbili: faili za .vbs na shotikati za Windows hazina nguvu yoyote ndani ya Linux, na diski mgonjwa haisumbuliwi na programu za nyuma. Sikunakili folda kwa folda. Nilitumia ddrescue, inayonakili diski nzima kipande kwa kipande, inachukua kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi na kuziruka zinazogoma, halafu inarudi kwenye zilizogoma baadaye. Angalia mara mbili ipi ni diski ya kutoka na ipi ya kwenda; ukizigeuza umefuta kila kitu kwa mkono wako. Na hiyo ya kupokea isiwe imefomatiwa kwa mtindo wa FAT32, maana haukubali faili inayozidi gigabaiti 4.

ddrescue huandika pia faili ya ramani inayokumbuka imefika wapi. Niliihifadhi kwenye diski ya nje, na nilishukuru, kwa sababu saa mbili na nusu usiku umeme ulikatika mtaa mzima. Ulirudi karibu saa nne. Nikawasha, nikarudia amri ile ile, ikaendelea pale ilipoachia. Saa kumi alfajiri ilikuwa imemaliza mzunguko wa kwanza, na baada ya kurudia sehemu zilizogoma mara tatu zilibaki kilobaiti mia nane na kitu ambazo hazikusomeka kabisa. Tulipokuja kuhesabu, hasara iliyoonekana ilikuwa video moja ya mahafali inayokatika katikati. Picha zote zilikuwepo. Shangazi alizipitia moja moja asubuhi ile kwenye laptopu yangu, na sikumharakisha.

Jumapili mchana nilinunua SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, ya gigabaiti 256, nikaifunga, nikapiga Windows. Ndiyo, dawa ya yule kijana hatimaye ilitumika. Tofauti ni kwamba ilitumika mwisho, kwenye diski mpya, baada ya kila kitu kuokolewa. Nakala iliyookolewa niliikagua kwanza kwa Defender kwenye laptopu yangu, ikakamata mabaki manne ya mnyoo, kisha nikarudisha nyaraka na picha peke yake. Programu hazikurudishwa. Kompyuta sasa inawaka kwa sekunde ishirini na kitu.

Jenxcus pia unafungua mlango wa nyuma: aliye upande wa pili anaweza kutuma amri na kuchukua kilichomo. Kwa hiyo shangazi alibadilisha nywila za barua pepe na za tovuti anakotolea hati ya mshahara, na alizibadilisha kwa simu, si kwa kompyuta ile kabla haijasafishwa. Wengi huruka hatua hii wakiona flashi imepona.

Nikazima kabisa usomaji wa .vbs kwenye Windows mpya. Kwenye rejista, chini ya HKLM\Software\Microsoft\Windows Script Host\Settings, unaweka thamani ya DWORD iitwayo Enabled na kuipa 0. Mwalimu wa jiografia hana kazi na wscript. Microsoft wenyewe walitangaza Oktoba 2023 kwamba VBScript inaondolewa polepole kwenye Windows, na kwangu mimi wamechelewa. Nikawasha pia maonyesho ya viambishi vya majina ya faili, ili .vbs, au .lnk ya shotikati, ionekane uso wake.

Ilibaki steshenari. Mnyoo ulitoka huko, na mtihani wa Jumatano ulipaswa kuchapwa huko huko. Tuliweka mitihani kama PDF kwenye flashi ndogo isiyo na kitu kingine, nikaenda naye Jumatatu asubuhi. Kijana alipoichomeka, PDF mbili zikageuka vimshale mbele ya macho yetu. Hakubisha. Alisema, "Kaka, hii iko hivi tangu mwaka jana. Wateja wakilalamika nawafomatia." Alikuwa anaumia nayo kama wenzake, na kwa siku anapokea flashi za watu wasiohesabika, kutoka shule karibu zote za kata.

Nikamwonyesha wscript kwenye Task Manager yake, Startup yake, rejista yake. Event Viewer ilikuwa safi. Diski yake ilikuwa na afya. Dakika ishirini tukawa tumemaliza, mtihani wa shangazi ukachapwa nakala mia moja na arobaini. Nikamwonyesha pia lile duara la Properties, namna ya kulinganisha kinachoonekana na kilichotumika kabla ya kufomati kitu cha mtu. Akaniomba nimwandikie amri ya attrib, nikaiandika nyuma ya karatasi iliyoharibika, akaibandika kwa gundi ya karatasi ubavuni mwa printa.

Kisha akavuta droo. Kulikuwa na flashi nyekundu yenye kipande cha plasta kilichoandikwa jina la mteja na neno "fomati"; ilikuwa humo tangu Ijumaa, hajapata nafasi. Akaichomeka. Vimshale vinane. Akabonyeza kitufe cha kulia, akafungua Properties, akasogeza uso karibu na kioo.

"Gigabaiti kumi na moja," akasema, akaanza kuandika amri, herufi moja moja, akitazama karatasi.